Kabla ya kuvaa yunifomu ya polisi: jibu kwa binti wa Kampemba

Swali: Nina miaka 22, ninaishi Kampemba, hapa Lubumbashi. Nina diploma ya Leta (ya serikali, ya kumaliza sekondari). Nilianza kusoma sheria, lakini minervale (ada ya chuo) ikatushinda nyumbani nikaacha katikati ya mwaka wa pili. Sasa nataka kuingia polisi. Mama hataki hata kusikia, anasema polisi ni watu wa kunyang'anya wenzao. Tena kuna bwana mmoja anasema nikimpa dola 150 jina langu litakaa kwenye liste. Mnanishauri nini?

Jibu:

Dada, tuanze na hizo dola 150, maana hilo ndilo linaloweza kukuumiza wiki hii hii. Usizitoe. Kuandikishwa polisi hakulipiwi. Mara nyingi mtu wa namna hiyo hana liste yoyote: anachukua feza za vijana ishirini, akijua wawili watatu watapita kwa nguvu zao wenyewe, nao watamshukuru na kumletea wengine. Na hata akiwa na njia ya kweli ya kukupenyeza, utaingia kazini ukiwa tayari una mdai. Siku moja atakuja siati (kituo cha polisi) kwa ajili ya ndugu yake aliyekamatwa, akukumbushe nani alikuweka pale. Mwambie tu kwamba utangoja tangazo rasmi. Kama ana neno la kweli, atakuonyesha karatasi yenye namba, tarehe na muhuri, nawe utaipeleka kuiuliza kwenye komisaria ya jimbo.

Sasa mama. Usimjibu kwa hasira, kwa sababu anasema anachokiona. Katiba ya Kongo ya 2006, katika kifungu cha 182 na cha 183, inasema kazi ya polisi ni usalama wa watu na mali zao na utulivu wa nchi, na kwamba hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuigeuza polisi chombo chake. Maneno ni mazuri. Lakini mama hasomi katiba anapopita kwenye ronpwe (mzunguko wa barabara). Anaona polisi wa rulaje (wa barabarani) ameingiza mkono kwenye dirisha la taxi. Kinachotenganisha karatasi na ronpwe, kwa sehemu kubwa, ni mshahara mdogo ambao tena huchelewa. Kwa hiyo swali la kwanza kwako, kabla hujauliza utaingiaje, ni hili: utaishije bila kumla mwananchi?

Chukua daftari, hesabu kweli kweli. Andika unga wa bukari (ugali) wa mwezi, makala (makaa), mboga, nyumba, nauli ya kwenda kazini na kurudi, sabuni, dawa, na yule mdogo wako unayemsaidia shule. Halafu ujiulize: mshahara usipotoka miezi mitatu, nani atalipa hivyo? Mshahara wa polisi hupitia benki siku hizi. Zamani ulikuwa unagawiwa mkononi na wakubwa, na kila mkono ulibakiza chake, kwa hiyo hiyo ni nafuu kubwa. Lakini benki haitaki maneno, inataka matrikule, namba yako ya utumishi. Anayemaliza mafunzo anaweza kukaa muda anafanya kazi huku matrikule yake haijatoka, na katika muda huo hana anachopokea. Huo ndio muda ambao vijana wengi wazuri huvunjika. Hawakuwa wezi walipoingia. Wamesimama tangu alfajiri bila kitu tumboni, shofere akawanyooshea faranga, wakapokea. Kesho yake wakanyoosha mkono wenyewe. Na penye mkubwa anayetaka aletewe kitu kila jioni, kijana haibi kwa njaa yake peke yake, anaiba na kwa ajili ya mkubwa.

Kwa hiyo, usiingie hadi nyumba yenu iwe na chanzo kingine kisichotegemea yunifomu yako, hata kama ni meza ya mama sokoni au ushonaji wa dada yako. Weka pembeni chakula na nauli ya miezi mitatu. Kama leo hamna hata ya mwezi mmoja, subiri mwaka mmoja, fanya kazi nyingine, uingie ukiwa na mgongo. Hili tunalisisitiza kuliko mengine yote, kwa sababu hakuna mafunzo yatakayokusaidia ukiwa na njaa na bunduki kwa pamoja.

Tukitoka hapo, tuzungumzie kazi yenyewe. Watu hudhani polisi ni mbio na bunduki. Kwa sehemu kubwa ni kusikiliza na kuandika. Na hapo wewe una kitu ambacho wengi hawana: mwaka mmoja na nusu wa sheria, na Kifaransa cha shule.

Tazama mfano huu. Mama anaingia siati usiku, anatetemeka, anasema: "Walinikamatia njiani, mmoja akanishika shingo, mwengine akaninyang'anya telefone." Mtu mwenye haraka ataandika kwa Kifaransa "vol d'un téléphone", wizi wa simu, basi. Ameshaharibu kesi. Katika kanuni ya adhabu, wizi wa kawaida kifungo chake hakizidi miaka 5. Wizi wa kutumia nguvu au vitisho unaanzia miaka 5 hadi 20. Ile shingo iliyoshikwa ndiyo tofauti yote, na imebaki mdomoni mwa mama, haikufika kwenye karatasi. Hakimu atasoma karatasi. Hapa kwetu mlalamikaji anasema kwa Kiswahili, PV (karatasi ya maelezo ya kesi) inaandikwa kwa Kifaransa, na katikati ya lugha hizo mbili ndipo haki ya watu hupotea. Neno "kukamata" peke yake linaweza kuwa kushika mkono, kutia mbaroni, au kubaka. Ukilitafsiri bila kuuliza, umeamua wewe kilichotokea.

Namna ya kufanya ni hii. Mwache aseme mpaka mwisho, kalamu iwe mezani. Kisha mrudishe mwanzo kwa maswali mafupi: saa ngapi, wapi hasa (nyumba gani, mti gani, taa ilikuwepo?), walikuwa wangapi, nani alifanya nini kwa mkono gani, nani mwingine aliona. Usimpe jibu ndani ya swali. Ukiuliza "Alikuwa na kisu, si ndiyo?", atasema ndiyo kwa sababu anaogopa. Neno lenye uzito liandike kwanza kwa Kiswahili kama lilivyotoka, ndani ya alama za kunukuu, halafu tafsiri yake. Ukimaliza, msomee yote kwa Kiswahili. Atasahihisha, na usikasirike. Ukikosea neno, lipige mstari mmoja ili bado lisomeke chini yake, weka sahihi ndogo pembeni. Kufuta kwa wino mweusi au kuchana ukurasa kunamfanya wakili wa upande wa pili afurahi. Asiyejua kuandika anaweka alama ya kidole. Kila ukurasa unatiwa sahihi, na anayeiandika anafunga kwa kiapo kwamba PV hiyo ni ya kweli. Kiapo hicho si pambo. Siku ikijulikana uliandika uongo, ni wewe utakayekuwa upande wa pili wa meza.

Lakini kuvaa yunifomu hakukufanyi OPJ. OPJ, yule afisa wa polisi mwenye uwezo wa kufanya uchunguzi wa kisheria, anakula kiapo na kupewa kibali na parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), na katika kazi hiyo anasimamiwa na mwendesha mashtaka, si na mkubwa wake wa siati pekee. Utaratibu huo umewekwa na agizo namba 78-289 la tarehe 3 Julai 1978, litafute ulisome. Elekeza macho yako huko tangu siku ya kwanza. Anayeandika vizuri hubakizwa ofisini, na ofisini kishawishi kipo pia, lakini si kama kile cha barabarani ambako kila dakika gari moja linapita na feza zake.

Mambo mawili ambayo ofisi nyingi zinayakosea, uyajue kabla hujafika huko.

La kwanza ni saa 48. Kifungu cha 18 cha katiba kinasema mtu hawezi kuzuiliwa na polisi zaidi ya saa 48. Zikiisha, anaachiliwa au anapelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya kisheria. Saa hizo hazihesabiwi kuanzia pale OPJ alipopata nafasi ya kuandika, na hazilali wikiendi. Aliyekamatwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, muda wake unaisha Jumapili saa kumi na moja jioni. Kinachotokea mara nyingi: mtu anakamatwa Ijumaa jioni, parke inafunguliwa Jumatatu, faili linakuwa tayari Jumanne, na katikati yake familia inaleta chakula na kuombwa feza za "kufungua mlango". Wengine humkamata Ijumaa kwa makusudi. Dawa yake ni ndogo: andika saa ya kukamatwa kwenye rejista mbele ya mtu mwenyewe, mhoji usiku huo huo au kesho yake asubuhi, umpigie simu mwendesha mashtaka wa zamu Jumamosi. Kama hakuna ushahidi wa kumpeleka, aende nyumbani, na PV iendelee.

La pili ni madeni. Hapa Lubumbashi hili ni jambo la kila siku: mfanyabiashara amemkopesha mwenzake mifuko ya saruji, halipwi, anakuja siati na bahasha, anataka mdaiwa alale kasho (mahabusu) mpaka ndugu walete feza. Deni si kosa la jinai. Ni la kortini, upande wa madai. Ni tofauti na mtu aliyepewa mali kwa kazi fulani akaitumia kwa faida yake. Hiyo ni kuvunja amana, na kanuni ya adhabu inaitaja kwenye kifungu cha 95. Swali la kuwatofautisha ni moja: mali ilipotoka mkononi, ilikuwa imeuzwa au kukopeshwa, au ilikuwa imekabidhiwa tu itunzwe, irudishwe au ipelekwe mahali? Ukilijua swali hilo, utawarudisha nusu ya watu mlangoni, na utachukiwa kidogo na wenzako waliozoea bahasha. Vilevile kuna faini ya maelewano ambayo OPJ ana haki ya kuipendekeza kwa makosa madogo. Hiyo inaingia kwa Leta na mlipaji anapewa kitansi (risiti). Pasipo kitansi, hiyo si faini.

Kwa mwanamke, kuna kikosi cha kulinda watoto na kuzuia ubakaji, ambacho kinahitaji wanawake kuliko vikosi vyote. Msichana aliyebakwa hatamwambia mwanaume yaliyompata, huku wengine watatu wanasikiliza mlangoni. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zimekaza jambo hili: OPJ aliyepokea mashtaka ya ubakaji anamjulisha mwendesha mashtaka ndani ya saa 24, uchunguzi wa awali hauzidi mwezi mmoja, daktari anaitwa, na faini ya maelewano hairuhusiwi. Wazee watakuja kusema "tumeshakubaliana, ametoa mbuzi wawili". Makubaliano hayo hayafungi kesi. Daktari aonwe mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia ukimwi baada ya hapo haitegemewi. Na nguo zisifuliwe, zitiwe kwenye bahasha ya karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki ambamo unyevu unaozesha ushahidi. Mtoto wa chini ya miaka 18 aliyekosa naye hawekwi kasho na wakubwa. Kesi yake ni ya hakimu wa watoto, chini ya sheria ya 2009.

Tukuambie pia bila kuficha: wapo wakubwa watakaotaka mwili wako ili wakupe zamu nzuri. Usiende ofisini kwa mkubwa baada ya saa za kazi bila mwenzako. Ukiandikiwa ujumbe, usiufute. Andika tarehe, saa, maneno na aliyekuwepo, upeleke kwa Ukaguzi Mkuu wa polisi au kwa auditora ya kijeshi (ofisi ya mashtaka ya mahakama za kijeshi). Haitakuwa rahisi, lakini karatasi yenye tarehe ina nguvu ambayo malalamiko ya mdomo hayana.

Kwa nini auditora ya kijeshi? Hili wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Polisi si mwanajeshi, lakini akikosa anashtakiwa mbele ya mahakama za kijeshi. Katiba inasema hivyo kwenye kifungu cha 156. Kutoroka kazi, ambako kwingine ni kuacha kazi tu, huku kunaweza kukupeleka gerezani. Kupoteza risasi pia. Kwa hiyo unapokabidhiwa silaha, itoe magazini, hesabu risasi moja moja mbele ya mwenye ghala, andika idadi na namba ya silaha kwenye rejista, tia sahihi. Ukirudisha, fanya vilevile. Magazini ya kalashi inaingia risasi 30. Ukipewa yenye 28 ukatia sahihi bila kuhesabu, zile mbili zimekuwa zako. Usimwazime mwenzako silaha hata kwa dakika anakwenda kula. Na amri iliyo wazi kuwa inavunja haki za watu, kifungu cha 28 cha katiba kinakuondolea wajibu wa kuitii. Kukataa kuna gharama: utahamishwa, utanyimwa zamu. Lakini ukifyatua kwa amri ya mdomo, mahakamani utasimama peke yako, na aliyekuamuru atasema hakusema.

Ujue pia kwamba utatumwa popote nchini. Leo Kampemba, kesho Kasumbalesa, mwakani jimbo la Tanganyika au mbali zaidi. Na polisi hapigi kura, wala hashiki kadi ya chama. Kama una kadi ya chama, irudishe kabla hujaandika barua ya maombi.

Mwili. Mafunzo ya msingi kwa kawaida huchukua miezi 6, na wengi huanguka mwezi wa kwanza kwa sababu ya miguu. Anza sasa, siku tatu kwa wiki, alfajiri kabla ya jua: wiki ya kwanza kilomita 2, kila wiki ongeza nusu kilomita, mpaka ufike 6 bila kusimama. Ukirukia 6 mara moja, mfupa wa mbele wa muundi utauma na utapoteza mwezi mzima ukipumzika. Siku nyingine mbili, tembea kilomita 5 ukiwa na mfuko wa kilo 8 mgongoni, na viatu vile vile vigumu utakavyovaa, soksi za pamba, ili ngozi izoee. Pushapu anza na zile unazoziweza, hata 5, mara nne kwa siku. Kabla ya yote nenda kapime damu: kiwango cha hemoglobini, maana wasichana wengi wana upungufu wa damu bila kujua na hudhani ni uvivu, na kipimo cha selimundu. Mwenye SS (mgonjwa wa selimundu) asijiingize kwenye mafunzo haya, jua na mbio bila maji vinaweza kumuua. Mwenye AS (aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu) amwone daktari, na asikimbie bila kunywa maji. Macho pia yapimwe.

Lugha: jifunze Lingala. Kiswahili kitakutosha kwa mlalamikaji na Kifaransa kwa PV, lakini kambini, kwenye foleni na kwenye simu za upepo, amri nyingi na mizaha yote ni kwa Lingala. Asiyeijua huachwa nyuma.

Makaratasi yaweke tayari mapema, kwa sababu tangazo likitoka muda huwa mfupi na ofisi za komini (serikali ya mtaa) hujaa watu: nakala za diploma zilizothibitishwa, hati ya kuzaliwa, kadi ya kura kwa utambulisho, hati ya mwenendo mwema, cheti cha kutokuwa na hukumu, cheti cha daktari, picha za pasipoti. Majina yafanane herufi kwa herufi kwenye karatasi zote. "Mwamba" hapa na "Muamba" pale ni kosa dogo leo. Kesho ndilo litakalozuia matrikule na mshahara kwa miezi. Ukiliona, lisahihishe kwenye komini na kortini kabla hujatuma kitu. Hati ya mwenendo na cheti cha daktari huzeeka, vitafute mwisho. Na cheo cha kuanzia hutegemea kiwango cha shule: mwenye shahada ya chuo kikuu hulenga ngazi za komisere, mwenye diploma ya Leta huanzia chini. Kama unaona uwezekano wa kumaliza masomo ya sheria, hata kwa kulipa minervale kidogo kidogo, maliza kwanza. Miaka hiyo haipotei.

Katika kungoja, fanya jambo moja lisilogharimu ila nauli. Vikao vya korti viko wazi kwa kila mtu. Nenda kwenye korti ya amani asubuhi tatu tofauti, kaa nyuma, nyamaza, sikiliza kesi moja mpaka mwisho. Jioni iandike kwa Kifaransa kama PV: nani, nini, wapi, saa ngapi, kwa maneno ya nani. Kisha umsomee mama kwa Kiswahili, umwombe akuonyeshe pale ambapo hakuelewa nani alimfanyia nani nini. Hapo ndipo palipo na kosa lako, na ni heri liwe kwenye daftari.